Makao ya Watoto Yakifungwa, Kazi Ndiyo Inaanza

Kila mpango wa serikali ya Kenya wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha katika familia unapotajwa, mazungumzo huishia kwenye swali lilelile: makao gani yatafungwa, na lini. Wenye makao wanahesabu vitanda. Wafadhili wanauliza majengo yatabaki kwa nani, matroni na wapishi wananong'ona kuhusu mishahara, na majirani wanashangaa watoto hao watarudi kwa nani. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi ulizinduliwa Juni 2022 na umepewa miaka kumi, hadi 2032. Kabla yake, Novemba 2017, serikali ilikuwa imesitisha usajili wa makao mapya. Na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, ikaweka familia mbele na makao nyuma kabisa. Anayefuatilia habari hizi juu juu ataona majengo tu. Mimi naona pengo la ajira. Mkakati huu unategemea kazi moja ambayo nchi imeiacha miaka mingi bila umbo, kazi ya mtu wa ustawi wa jamii anayebeba faili, anayepanda bodaboda hadi mwisho wa barabara, kisha anaketi sebuleni kwa watu na kuuliza mtoto atalala wapi. Kazi hiyo sasa inahitajika kwa wingi ambao haujawahi kuwapo. Isipopatikana, mwaka 2032 utafika watoto wakiwa wamehama kwenye karatasi.

Makao ya hisani nchini ni mamia, na watoto wake ni makumi ya maelfu. Wengi wana mzazi mmoja aliye hai, au nyanya, mjomba, shangazi. Walifikishwa pale na karo, ugonjwa, ulemavu usio na huduma karibu, ugomvi wa nyumbani, au mama aliyekwenda kufanya kazi Ghuba na kumwacha mtoto kwa mtu aliyechoka naye baada ya miezi michache. Ndani ya makao utakuta meneja, matroni, mpishi, mlinzi, dereva, pengine kocha wa mpira na mwalimu wa kwaya, na mtu mmoja anayeitwa mfanyakazi wa ustawi. Huyu wa mwisho, kwa desturi, ndiye anayeandika barua za wafadhili, anayewapeleka watoto hospitali, anayepiga picha za Krismasi na anayekwenda benki. Kazi iliyomo katika cheo chake huifanya siku zikibaki. Halaumiwi kwa hilo, kwa kuwa makao yalipangwa kumweka mtoto ndani, na mtu wa kushughulikia yaliyo nje ya lango hakuwa na nafasi katika mpango huo.

Wengi wanaoijadili kazi hiyo hawajawahi kuiona ikifanywa. Huanza na faili. Faili kamili ina amri ya mahakama ya watoto iliyomweka mtoto pale, namba ya kitabu cha matukio cha polisi kama aliokolewa, barua ya chifu, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na ripoti za shule. Zilizo nyingi hazifiki nusu ya hapo. Utakuta barua moja iliyofifia na picha ya pasipoti, au jina jipya alilopewa mtoto siku aliyofika, huku jina la kwao halikuandikwa popote. Neno "yatima" liliandikwa kwa wepesi kwa sababu ndilo lililofungua mfuko wa mfadhili, na miaka ikapita hadi likawa jambo lisilohojiwa. Kwa hiyo majuma ya kwanza ni ya kukarabati karatasi: kurudi mahakamani kutafuta nakala ya amri, kuuliza kituo cha polisi kilichoandika tukio, kufuata cheti cha kuzaliwa. Anayeruka hatua hii hugundua baadaye, mtoto akiwa tayari kijijini, kwamba shule haimpokei na mahakama bado inamhesabu kuwa yuko makaoni.

Kisha hutafutwa familia. Mtoto wa miaka minane ukimuuliza kwao ni wapi atakujibu "mbali". Huulizwa maji yalitekwa wapi, gari la kwenda sokoni liliandikwa nini, mwalimu wa chekechea aliitwa nani, adhana au kengele ilisikika kutoka upande gani, nyanyake alipika nini siku ya sikukuu. Vitu vidogo hivyo ndivyo vinavyoleta kata, halafu kijiji. Hapo ndipo naibu wa chifu na mzee wa kijiji huulizwa, kwa jina la ukoo na bila kuonyesha picha. Picha ikishaingia kwenye vikundi vya WhatsApp hairudi. Atajitokeza mtu asiye jamaa, au atajitokeza yuleyule aliyemdhuru mtoto. Kosa jingine la kawaida ni gari lenye nembo ya makao. Likiegeshwa mlangoni mara moja tu, kijiji kizima huamini familia ile imepata mfadhili, na mazungumzo yote baada ya hapo huwa ya fedha.

Ziara ya kwanza hubeba swali moja: nini kilimwondoa mtoto hapa, na je, bado kipo? Kama kilikuwa karo, karo ya nani na kiasi gani. Kama kilikuwa kipigo, aliyempiga anaishi wapi leo. Hutazamwa mahali pa kulala na nani atalala karibu naye, chakula cha mwezi wa njaa badala ya cha siku ya wageni, umbali wa shule na wa zahanati, na kipato kinavyopanda na kushuka kwa msimu. Watu wazima huhojiwa mmoja mmoja, kwa sababu mke wa mjomba hawezi kusema "sitaki" mbele ya mjomba, na ni yeye atakayemlea. Mtoto pia huulizwa peke yake, zaidi ya mara moja, kwa kuwa jibu la kwanza huwa la kumfurahisha mkubwa. Yakishajulikana hayo ndipo huandikwa mpango: familia isajiliwe katika bima ya afya ya SHA, iulizie Inua Jamii ambayo hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya inayolea yatima na watoto walio hatarini (usajili wake haufunguliwi kila siku, kwa hiyo usiahidiwe), nyanya aingizwe katika kikundi cha akiba, mtoto mwenye ulemavu apatiwe mazoezi ya viungo mahali panapofikika kwa miguu au kwa nauli moja.

Kurudi kwenyewe huenda polepole. Simu kwanza, kisha familia hutembelea makao, kisha mtoto hushinda siku moja nyumbani, kisha wikendi, kisha likizo. Siku ya kuhama hupangwa mwishoni mwa muhula, ili shule mpya ianze naye pamoja na wengine. Mwanafunzi wa Gredi ya 9 aliyekwisha kusajiliwa kwa mtihani katika shule moja aachwe amalize. Anayetumia dawa za kila siku huondoka na dawa za kumfikisha hadi tarehe ya kliniki mpya, na barua ya uhamisho ya kliniki ya zamani ikiwa mkononi mwa mlezi, kwa kuwa ikibaki kwenye faili ofisini haitamsaidia mtu. Zawadi ziwe za nyumba nzima. Godoro moja jipya kwa mtoto mmoja, katika chumba ambacho binamu zake wanne wanalala kwenye mkeka, ni chuki iliyonunuliwa kwa risiti. Halafu unakuja ufuatiliaji, ambao ndio hukatwa kwanza fedha zikipungua. Ratiba inayofaa ni simu ndani ya siku tatu, ziara ndani ya majuma mawili, ziara ya kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu hadi mwaka utimie. Dalili za kuharibika mambo hazipigi kelele: mtoto aliyekuwa mkavu ameanza kukojoa kitandani, jina halimo tena kwenye daftari la mahudhurio, kila ukienda unaambiwa "ametumwa", au ameshahamishiwa kwa jamaa mwingine ambaye hakuna aliyemtathmini.

Tuyapigie hesabu haya yote. Mwezi una siku 20 hivi za kazi. Siku moja kwa wiki huenda kwenye ripoti, mahakama na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, hivyo zinabaki 16. Nyumba zikiwa mjini na karibu karibu, mtu hodari hufanya mbili kwa siku, yaani ziara 32. Watoto wakiwa wametoka kaunti tatu, kama ilivyo kwa makao mengi ya Nairobi na Mombasa, ziara hushuka hadi 10 au 12, kwa sababu siku nzima inaishia barabarani. Mtoto aliye katika tathmini na maandalizi hula ziara tatu kwa mwezi, na aliyerudi karibuni hula moja. Mtu mmoja mwenye kesi tano za kuandaa na kumi na tano za kufuatilia ameshajaa. Kesi 25, nyingi zikiwa za kufuatilia tu, ndizo ukomo wa mjini. Zikiwa zimetawanyika, gawanya kwa tatu. Makao yenye watoto 60 yanahitaji watu watatu kwa miaka miwili au mitatu, hata watoto wakirudi kwa awamu. Ni nadra kukuta zaidi ya mmoja, na huyo mmoja tumeshaona anatumwa benki.

Nchi imewahi kuonja kazi hii ikifanywa bila watu. Machi 2020, korona ilipoingia, makao yaliagizwa kuwapunguza watoto kwa haraka na kuwapeleka kwa familia zao. Hatua ambazo kwa kawaida huchukua miezi zilibanwa katika siku chache. Familia nyingi zilipokea mtoto zikiwa ndio kwanza zimepoteza kibarua, shule zimefungwa, na anayepaswa kuzitembelea amefungiwa ndani ya mipaka ya kaunti. Baadhi ya watoto walitulia na wakabaki kwao, jambo linaloonyesha kwamba kikwazo hakikuwa upendo wala nafasi. Wengine walirudi makaoni, au wakaishia mahali ambapo hakuna aliyekuwa na orodha yake. Watetezi wa makao hulitaja tukio hilo kuthibitisha kwamba familia hazifai. Nadhani lilithibitisha jambo dogo zaidi na la manufaa zaidi, kwamba kurudisha mtoto ni ufundi, na ufundi huwa na muda wake.

Hoja za kutetea makao si za kudharauliwa. Ya kwanza ni ya usalama, nayo ni nzito. Msichana aliyekimbia ukeketaji, mtoto aliyenajisiwa na mtu wa nyumbani, au aliyeokotwa stendi usiku, hawezi kuambiwa asubiri tathmini. Lazima pawepo mahali pa kumpokea usiku huohuo, na mkakati wenyewe haukatai hilo. Tofauti iko katika muda: makazi ya dharura hupimwa kwa siku na majuma, ilhali makao yetu yamezoea kupima kwa miaka. Hoja ya pili ni ya elimu. Makao yanahakikisha karo, sare na taa ya kusomea, na mama wa mabanda hana hata kimoja. Ni kweli. Lakini ukiichambua hoja hiyo utaona inatetea karo, wala haitetei kitanda. Fedha za kumlisha na kumlinda mtoto ndani ya ua mwaka mzima, mara nyingi zingelipa karo yake na ya dada yake wakiwa kwao. Kinachokosekana ni utaratibu wa kufikisha fedha hizo bila kumng'oa mtoto. Hoja ya tatu, ya kazi za watu, nitairudia.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo husikika kwa sauti kubwa: kwamba huu ni mpango wa wazungu wa kuvunja huruma ya Kiafrika. Historia inakwenda kinyume chake. Mtoto kulelewa na nyanya, na shangazi, na mke mwenza wa mama, ni jambo la huku kabla ya misheni ya kwanza kufika. Jengo lenye mabweni, sare moja na kengele ya chakula ndilo lililoletwa, na hadi leo mengi ya majengo hayo hulishwa na michango ya ng'ambo. Ni kweli pia kwamba fedha za mageuzi zinatoka ng'ambo kwa sehemu kubwa, na mtu ana haki ya kuuliza zitakapokauka itakuwaje. Hilo ni swali la bajeti. Kuligeuza kuwa swali la utamaduni ni kuwapa waliokwisha kupokea fedha za nje kwa miaka thelathini nafasi ya kuwalaumu wanaoanza kuzipokea leo.

Upande wa pili nao una uvivu wake. Wanaharakati wa mageuzi hupenda kutaja utafiti wa Bucharest, ulioanza mwaka 2000 kwa watoto wadogo 136 wa makao ya Romania. Nusu yao walipangiwa kwa kura kwenda familia za kulea na nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliohama kabla ya kutimiza miaka miwili. Matokeo hayo yamenukuliwa hadi yamechakaa. Kinachoachwa nje ni kwamba familia zile zililipwa, zilichaguliwa, na zilikuwa na wafanyakazi wa ustawi waliozitembelea na kupokea simu zao. Utafiti haukupima "familia" tupu. Ulipima familia yenye mtu nyuma yake, na anayeutaja bila huyo mtu anauza nusu ya dawa.

Karibu na sisi, Rwanda ilianza mapema. Baraza la mawaziri lilipitisha mkakati 2012, wakati utafiti ulipohesabu makao 33 yenye watoto 3,323, na mwaka uliofuata mpango wa Tubarerere Mu Muryango ukaanza. Wanyarwanda hawakuanza na kufuli. Waliajiri wataalamu wa ustawi na wa saikolojia wa ngazi ya wilaya, kisha chini yao wakaweka Inshuti z'Umuryango, marafiki wa familia, wawili kila kijiji, mwanamke na mwanamume. Vijiji ni 14,837, kwa hiyo wahudumu hao wa kujitolea walifika 29,674. Mtaalamu hufanya tathmini na maamuzi, rafiki wa familia hugundua mapema kwamba mtoto hakwenda shule Jumanne. Mgawanyo huo ndio wa kuigwa zaidi ya kitu kingine chochote. Funzo la upande mbaya lipo pia: watoto wenye ulemavu ndio waliochelewa kutoka, kwa kuwa kwao ziara na barua ya chifu hazitoshi, panahitajika kiti cha magurudumu, mtaalamu wa viungo na mlezi wa kupokezana. Kenya ina watoto wa namna hiyo wa kutosha kujua kwamba miaka ya mwisho ya mkakati itakuwa ghali kuliko ya kwanza.

Pwani kuna jambo lake. Sheria ya 2022 inaitambua kafala, utaratibu wa Kiislamu wa kumlea mtoto wa mwingine bila kumwasili, kuwa njia halali ya malezi, na mfanyakazi wa ustawi asiyeielewa atakwama Kilifi, Lamu au Kwale. Mtoto wa kafala hubaki na nasaba yake na jina la babake mzazi. Harithi moja kwa moja kwa mlezi, ila mlezi anaweza kumuusia hadi theluthi ya mali yake. Suala la umahramu, yaani undugu unaozuia ndoa na kuruhusu kukaa pamoja bila stara, huwafanya wengi kusita, na husita kimyakimya: mume anakubali ofisini, mke anafikiria jinsi atakavyovaa nyumbani kwake mvulana akibaleghe. Hapo anatakiwa mtu anayeweza kuzungumza waziwazi kuhusu kunyonyesha kabla ya miaka miwili, ambako huleta undugu huo, kuhusu kumchukua mtoto wa kike au wa kiume kulingana na waliomo nyumbani, kuhusu ndugu wa damu kutangulizwa. Fomu zilizoandikwa kwa ajili ya kuasili hazina nafasi ya maswali hayo. Chuo kinachofundisha ustawi wa jamii bila saa kadhaa za kafala kinamtuma mwanafunzi pwani akiwa nusu.

Nirudi sasa kwenye kazi za watu. Si kila mwajiriwa wa makao atageuka mfanyakazi wa ustawi, na kusema vinginevyo ni kuwadanganya. Matroni mwenye miaka kumi ya kulea ana kitu ambacho diploma haikipi. Anajua mtoto anayeficha chakula chini ya mto anahitaji nini. Akipata mafunzo ya kuandika kumbukumbu, ya kutunza siri na ya kuripoti madhara, anafaa kuwaongoza walezi wapya au kusimamia kituo cha watoto wa mchana. Dereva anayejua vijiji hubaki. Mpishi na mlinzi wengi watapunguzwa. Kwao ipo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40: notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayofika pia kwa afisa wa leba, na kwa chama kama mfanyakazi ni mwanachama, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Tatizo ni kwamba makao mengi yamewaita watu hao "wa kujitolea" na kuwapa posho, bila mkataba wala NSSF. Kamati ya makao inayoandika mpango wa kuhama iandike mikataba hiyo sasa, kabla ya notisi, na iweke kando fedha za siku 15 kama inavyoweka za saruji.

Kuna kundi ambalo karibu kila mpango hulisahau, nalo ni la michezo na sanaa. Kocha, mwalimu wa ngoma, mwalimu wa sarakasi, anayefundisha kinanda Jumamosi. Ndani ya makao kazi yao imekuwa na doa: kwaya hufanya mazoezi wageni wanapokaribia, na mtoto hujifunza kwamba anaimba ili kulipa. Nje ya ua, ustadi uleule una thamani kubwa zaidi. Mtoto aliyerudi kata asiyoijua tena anahitaji timu kabla ya kuhitaji mshauri. Mazoezi mara tatu kwa wiki, saa kumi hadi kumi na mbili jioni, watoto 30 wa mtaa mchanganyiko ambamo waliorudi ni watatu au wanne na hawatajwi, huku kocha akiwa na daftari la mahudhurio na namba ya kumpigia mfanyakazi wa ustawi asipomwona mtu mara mbili mfululizo. Gharama ni mipira, posho, maji na ufunguo wa uwanja. Mathare Youth Sports Association imeonyesha tangu 1987 kwamba soka la mtaani linaweza kubeba usafi wa mazingira na uongozi wa vijana bila kumlaza mtoto hata mmoja. Makosa ya kuepuka yanajulikana: jezi zenye jina la makao ya zamani, kocha anayebaki peke yake na mtoto chumba cha vifaa, na mashindano yanayowatupa nje wasio na kipaji, ambao mara nyingi ndio haohao waliorudi.

Hapa ndipo Katiba inaweka fundo. Idara ya Huduma za Watoto iko serikali kuu. Vituo vya kulelea watoto, utamaduni, na viwanja na shughuli za michezo, kwa Jedwali la Nne, ni vya kaunti. Kwa hiyo afisa wa watoto anamjua mtoto lakini hana ufunguo wa ukumbi, na afisa wa michezo wa kaunti ana ukumbi ila hajui mtoto amerudi. Hakuna anayevunja sheria. Kila mmoja anafanya lililo katika hati yake ya kazi, na mtoto anapita katikati yao. Dawa ni makubaliano ya maandishi ya ukurasa mmoja kati ya ofisi mbili, yenye majina ya vyeo, siku ya kukutana kila mwezi, na taarifa gani zinaweza kupitishwa na zipi haziwezi.

Wafadhili nao wamezoea kulipia kichwa. Mtoto mmoja, picha moja, kiasi fulani kwa mwezi. Utaratibu huo unayaadhibu makao yanayofanya vizuri, kwani kila mtoto anayerudi nyumbani anaondoka na mapato yake, huku umeme, maji, mlinzi na bima ya jengo vikibaki palepale. Wakati huohuo gharama za nje zinapanda: nauli, simu, mafuta, karo, mtu wa pili na wa tatu wa ustawi. Kwa miaka miwili hivi makao hubeba gharama za pande zote mbili. Meneja anayeijua hesabu hiyo, na asiyepata mtu wa kumsaidia, atabaki na watoto ishirini wa mwisho ili taa zisizimwe, na hatakuwa mtu mbaya kwa kufanya hivyo. Mfadhili mwenye nia njema aondoe malipo ya kichwa na aahidi kiasi kilekile kwa miezi 36, mtoto awe ndani au nje, kwa sharti kwamba ziara zifanyike na kumbukumbu zake zionekane.

Zaidi ya wafadhili, kuna kalenda ambayo wenye makao wachache wanaiangalia. Mipango ya maendeleo ya kaunti huandikwa kwa miaka mitano mitano. Huu wa sasa unaisha 2027, na unaofuata utakuwa wa 2028 hadi 2032, sambamba kabisa na mwisho wa mkakati wa malezi. Utaandaliwa pamoja na serikali mpya za kaunti baada ya uchaguzi wa Agosti 2027, na wananchi wataitwa kutoa maoni katika kata. Nafasi za wahudumu wa vituo vya watoto wa mchana, makocha wa kata na wasimamizi wa kumbi zisipoingia humo, zitabaki za kuombwa mwaka hadi mwaka katika bajeti ya nyongeza, ambayo hukatwa mapato ya kaunti yakishuka. Makao yana kitu ambacho kaunti haina: faili zinazoonyesha watoto walitoka kata gani. Zikihesabiwa bila majina, kata kwa kata, pamoja na sababu ya kuondoka ya kila mmoja, zitaonyesha mahali ambapo kituo cha watoto wa mchana kingezuia watoto kumi kuondoka na mahali ambapo tatizo ni karo ya sekondari peke yake. Hesabu hiyo humchukua mtu mmoja wiki mbili, na inaweza kufanywa leo, faili zikiwa bado ziko kabatini na matroni anayekumbuka yasiyoandikwa akiwa bado kazini.